Minyoo wekundu kwenye mayai ya chewa

Swali limetoka kwa Mama Nasra wa South C, Nairobi. Anaandika:

"Daktari, salamu sana. Mimi napika na kuuza chakula, samaki wa kupaka na wa kukaanga, na samaki wa maji ya chumvi nawachukua City Market. Juzi nilinunua chewa mkubwa, kilo sita na kitu. Kumpasua nikakuta mifuko ya mayai imejaa vizuri, lakini katikati ya mayai kuna minyoo wekundu, warefu kama uzi wa kushonea, wamejisokota, na pembeni damu iliyoganda. Mama mkwe amesema samaki mzima atupwe. Aliyeniuzia anasema hiyo ni mishipa ya damu tu, nisimharibie biashara. Binti yangu wa sekondari naye ana swali lake: minyoo hao wanaweza kuingia ndani ya yai lenyewe wakamuua samaki mchanga kabla hajaanguliwa? Na je, hiyo ndiyo sababu chewa wameadimika? Mayai nimeyaweka kwenye friza, samaki pia bado yupo. Nifanye nini?"

Mama Nasra, samaki usimtupe. Mayai ndiyo ya kutupa, na hata hayo si kwa sababu yatakudhuru bali kwa sababu hakuna mteja atakayekushukuru akiyakuta kwenye sahani. Msafishe chewa wako, osha tumbo vizuri, mpike mpaka aive. Mama mkwe hajakosea kuwa na wasiwasi. Amezidisha tu eneo la hasara.

Aliyekuuzia hana ukweli, ingawa namwelewa. Kutofautisha mshipa na mnyoo ni kazi ya dakika moja. Mshipa wa damu umeshikamana na ukuta wa mfuko wa mayai na hugawanyika matawi, unene wake ukipungua kila unapogawanyika. Mnyoo hana matawi. Unene wake ni uleule kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho, ana ncha mbili, na ukimwinua taratibu kwa kijiti cha meno anatoka mzima, mradi usimvute kwa haraka. Ukimkata katikati juu ya sahani nyeupe, atatoa majimaji yenye rangi ya maziwa yaliyochujuka. Hayo majimaji si usaha. Ni watoto wake, maelfu kwa maelfu, wakiwa hai kama samaki hajakaa sana.

Kwa maelezo yako, rangi, urefu, na mahali ulipomkuta, huyo ni mnyoo wa jenasi ya Philometra. Jamaa zake wamepatikana kwenye mifuko ya mayai ya chewa na samaki wengine wengi wa baharini katika bahari zote zenye joto, na orodha ya spishi bado inaongezeka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kuwaainisha imefanywa na mtaalamu wa Ucheki, František Moravec, ambaye kwa miongo mingi amekuwa akiletewa minyoo ya samaki kutoka pande zote za dunia. Uliowaona wote ni majike. Madume wapo, ila urefu wao ni milimita chache tu na hawana rangi. Hata mimi bila hadubini nisingewaona. Jike hunywa damu ya samaki, ndiyo maana ni mwekundu au kahawia, na ndiyo maana ulikuta damu iliyoganda pembeni.

Anavyoishi ni jambo la kuvutia, na binti yako atalipenda. Jike anakaa kwenye mfuko wa mayai akikomaa sambamba na mayai ya samaki. Samaki akifika msimu wa kutaga, mnyoo naye amejaa watoto pomoni. Mayai yakitoka, mnyoo naye hutoka au huwatoa watoto wake kwa njia hiyohiyo, na akikutana na maji ya bahari mwili wake hupasuka na lava, yaani watoto wake hao, kumwagika majini. Huko huliwa na kopepodi, wadudu wadogo sana wa majini wa ukoo mmoja na kamba na kaa. Ndani ya kopepodi lava hukua kidogo, kisha kopepodi huliwa na samaki, ama moja kwa moja na samaki mdogo, ama kwa kupitia kisamaki ambacho baadaye huliwa na mkubwa. Mnyoo hutoka kwenye utumbo na kusafiri ndani ya mwili hadi kwenye mfuko wa mayai. Mzunguko umekamilika.

Kama hadithi hiyo inakukumbusha kitu, hujakosea. Mnyoo wa Guinea, yule aliyekuwa akitoka kwenye miguu ya watu waliokunywa maji ya madimbwi, ni wa ukoo huohuo mpana. Naye anapitia kwa kopepodi, naye jike wake hujaa watoto na kuwamwaga akigusa maji. Kenya ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina tena mnyoo huyo mwaka 2018. Tofauti iliyo muhimu kwako ni kwamba mnyoo wa Guinea anamtaka binadamu, wa chewa anamtaka chewa. Ukimla Philometra kwa bahati mbaya, akiwa ameiva, ni nyama tu. Kama ni halali au la, hilo mpelekee shekhe wako, usiniletee mimi.

Kuna kisa kimoja tu cha aina hii ninachopenda kuwasimulia wapishi. Mwaka 1986 jarida la tiba la Marekani lilichapisha habari ya mvuvi wa Hawaii aliyekuwa akipasua kolekole mwenye Philometra huku ana kidonda wazi mkononi. Mnyoo aliingia kwenye kidonda. Hakuzaliana humo wala hakumletea ugonjwa wa kudumu, lakini alifanya kazi ya kuingia. Kwa hiyo ukiwa na mchubuko, vaa glavu unapotoa matumbo. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na usumbufu wa kueleza daktari wa zahanati ni nini kinachochezacheza kwenye kidole.

Wanaotakiwa kukupa wasiwasi wa kweli ni wengine, na hao hawana rangi ya kuvutia. Anisakis ni mnyoo mweupe, urefu wa sentimita mbili au tatu, hujikunja mduara bapa juu ya ini, utumbo, na mara nyingine juu ya mfuko wa mayai. Huyo hukomaa ndani ya nyangumi na pomboo, na samaki kwake ni kituo cha njiani, lakini akiliwa mbichi na binadamu anaweza kujichimbia kwenye ukuta wa tumbo na kuleta maumivu makali, na wapo watu wanaopata mzio kwa sababu yake. Ndiyo maana wanaouza sushi Westlands wanatakiwa wagandishe samaki kwanza: mamlaka ya Marekani inasema siku 7 kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, Ulaya inakubali saa 24 kwa kiwango hichohicho. Friza ya nyumbani inayofunguliwa kila baada ya dakika tano haifiki huko, usiitegemee kwa kazi hiyo. Wewe unapika, na moto unamaliza kila kitu. Nyama ya katikati ikifika nyuzi 60 na zaidi, ikawa nyeupe na kuachana na mfupa, hakuna mnyoo aliyebaki hai. Samaki wa kupaka aliyechomwa kwanza kisha akapakwa nazi akarudishwa jikoni ameshavuka kiwango hicho.

Na kwa kuwa tuko kwenye mayai: mayai ya samaki ambayo kweli yanaua ni ya bunju. Hayo hayana mnyoo wowote, yanapendeza machoni, na sumu yake haiondolewi na moto wala ndimu. Bunju hauzwi sokoni kwa kawaida, lakini mtu akikuletea mayai yaliyokwisha kutolewa na samaki mwenyewe hayupo, kataa.

Sasa swali la Nasra, ambalo ni zuri kuliko langu na lako.

Jibu fupi: minyoo aliowaona mama yake hawaingii ndani ya yai. Wanaishi kati ya mayai. Wanaweza kuyabana, kuharibu mishipa inayoyalisha, na baadhi ya mayai hufa yakafyonzwa kabla ya kukomaa. Kovu likiwa kubwa, sehemu ya mfuko inakuwa haina kazi. Kuna samaki ambao madhara yake yanaonekana wazi na wengine ambao mfuko unaendelea kutoa mayai vizuri tu. Chewa wako, kwa jinsi ulivyosema mifuko imejaa, angetaga.

Lakini wapo vimelea wanaoingia ndani ya yai lenyewe, na hapo inabidi kutofautisha wanaoingia yai likiwa bado kwa mama na wanaoingia likishamwagwa baharini. Hili si la kitaaluma tu. Linaamua nani anaweza kulindwa na nani hawezi.

Mfano wa kundi la kwanza ni Kudoa ovivora, aliyeelezwa mwaka 1999 kutoka kwa jamaa za pono wa Bahari ya Karibi. Kudoa ni wa kundi la miksozoa, viumbe vidogo mno ambavyo kwa miaka mingi vilihesabiwa kama vijidudu vya seli moja, hadi DNA ilipoonyesha kwamba ni jamaa wa yavuyavu waliopungua mwili hadi kubaki spora na seli chache. Huyu huingia kwenye yai changa ndani ya mfuko, hutumia chakula kilichowekwa humo kwa ajili ya mtoto, na kulijaza spora. Yai hilo haliwezi kutoa samaki. Ukilitazama kwa macho utasema limenenepa vizuri, kumbe ni kubwa kuliko wenzake kwa sababu limejaa mgeni.

Jamaa mwingine wa yavuyavu, Polypodium hydriforme, hufanya jambo hilohilo kwenye mayai ya sturjeni, samaki wa kavia, wanaokulia Bahari ya Kaspi na bahari nyingine na kupanda mito kutaga. Hukaa ndani ya yai kwa miaka, tena akiwa amegeuka nje ndani: tabaka la ngozi lipo upande wa ndani na tabaka la tumbo lipo nje, likifyonza kiini. Siku chache kabla ya mayai kutagwa, hujigeuza upande wa sawa, na akishatoka mtoni hukatikakatika vipande ambavyo kila kimoja huwa kiumbe kamili. Nimefundisha habari hii mara nyingi na bado kuna wanafunzi wanaodhani nawatania.

Aliye mkuu kuliko wote kwa mada hii, hata hivyo, ni wa kundi la pili, na ndiye Nasra anayemuulizia bila kumjua. Anaitwa Ichthyodinium chabelardi. Wafaransa wawili, Hollande na Cachon, walimweleza mwaka 1952 kutoka kwenye mayai ya sardini yaliyovuliwa kwenye maji ya Algiers. Ni kiumbe cha seli moja. Waliomgundua walimweka kati ya dinoflajelata, kundi la viumbe vya seli moja vya majini, na DNA imeendelea kumweka katika kundi pana la alveolata, ambamo pia yumo kimelea wa malaria. Undugu huo unaonekana kwenye tabia: kuingia mahali penye chakula, kugawanyika mara nyingi kimyakimya, kisha kupasua nyumba na kutoka kwa mpigo.

Ili kuelewa anachofanya inabidi kulijua yai lenyewe. Samaki wengi wa baharini, chewa wakiwemo, hawajengi kiota. Humwaga mayai na mbegu majini, yai likarutubishwa hapohapo, na likaelea. Yai la chewa lina kipenyo cha karibu milimita moja, linapitisha mwanga kabisa, na ndani yake kuna kiini kikubwa pamoja na tone la mafuta linalolisaidia kuelea. Katika joto la maji yetu, kiinitete humaliza kujijenga kwa muda wa siku moja hivi na kuanguliwa. Anayeanguliwa hajakamilika. Hana mdomo uliofunguka, macho yake hayajapata rangi, na chini ya tumbo amebeba mfuko wa kiini ambao ni mkubwa ukilinganisha na mwili wake. Ndio chakula chake chote kwa siku mbili tatu, mpaka mdomo ufunguke aanze kuwinda. Kinga yake ya mwili nayo bado haijakomaa. Kwa hiyo hapo kuna akiba nono ya chakula isiyo na mlinzi, lakini yenye muda mfupi sana.

Ichthyodinium ameishi kwa kuutumia muda huo. Hukutwa ndani ya kiini, kwanza kama seli chache za mviringo ambazo ni rahisi kuzipita bila kuziona. Seli hizo hukua, nyukliasi za ndani yake hugawanyika, kisha zenyewe hugawanyika, na kiini kilichokuwa kinapitisha mwanga huanza kuwa na ukungu, baadaye kijivu. Wakati huo wote kiinitete kinaendelea kujengeka. Moyo unapiga. Mkia unatikisika. Mtu asiyetazama kiini atahesabu yai hilo kuwa zima.

Mara nyingi samaki huanguliwa kweli. Chini ya hadubini unamwona amelala ubavu, mfuko wake wa kiini umejaa chembe za mviringo zilizobanana kiasi kwamba haupitishi tena mwanga, na ukisubiri, chembe hizo huanza kucheza ndani ya mfuko. Kisha mfuko hupasuka. Vimelea humwagika kwa wingi, kila kimoja hugawanyika tena majini na kutoa seli ndogo zaidi zenye mikia miwili ya kuogelea. Kifaranga kinabaki na ngozi tupu mahali palipokuwa na akiba yake, na hakiishi.

Nadhani jambo la kushangaza zaidi ni jinsi anavyobana muda. Akichelewa, kifaranga kitakuwa kimekula kiini chenyewe na hakuna kilichobaki cha kugawana. Akiwahi mno, hajazaliana vya kutosha. Na akiua yai mapema, huenda likazama na kuliwa na bakteria kabla hajamaliza. Anamwacha mwenyeji wake aendelee kujijenga kwa sababu kiinitete hai ndicho kinachoweka mfuko salama hadi siku ya kupasuka.

Baada ya Algiers alipatikana kwenye sardini wa Ureno na kwenye mayai ya samaki wengine wa Atlantiki ya Kaskazini, makareli miongoni mwao. Ila jina lake lilijulikana kwa wafugaji mwaka 2007, pale makala zilipotoka kuhusu vifo vya vifaranga kwenye vituo vya kutotolesha: jodari wa mapezi ya manjano Bali, Indonesia, na chewa wa madoadoa wa matumbawe kule visiwa vya kusini mwa Japani. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba si kimelea wa sardini peke yao. Hachagui sana. Akikuta yai linaloelea lenye kiini, linamtosha.

Hilo linatuhusu hata sisi tunaoishi kilomita karibu 480 kutoka baharini, kwa sababu Pwani yetu inaelekea kwenye kutotolesha samaki wa baharini badala ya kutegemea vifaranga vya kuokotwa, kama ambavyo wafugaji wa mwatiko wa Kilifi na Kwale wamefanya miaka yote. Anayejenga tangi la mayai asidhani dawa ya kuua vijidudu itamsaidia dhidi ya huyu. Iodini huosha ganda la yai. Kimelea yuko ndani ya kiini, na chochote kitakachomfikia huko kitakuwa kimeshapita kwenye kiinitete. Njia iliyobaki ni maji: kuyachuja, kuyapitisha kwenye mwanga wa urujuanimno, na kuyaondoa mayai mapema kutoka kwenye tangi la wazazi kwenda kwenye maji safi. Na kila asubuhi mtu aketi na hadubini atazame viini, si mikia.

Dawa ya kuosha ganda ina kazi yake kwingine. Kuna bakteria anayeitwa Tenacibaculum ovolyticum, aliyeelezwa nchini Norwei mwaka 1992 kutoka kwenye mayai ya halibati, ambaye hukaa juu ya ganda na kulimeng'enya hadi litoboke. Huyo ukiosha, anaondoka. Kwa tafi, ambao mayai yao hayaelei bali hunata chini, hatari za namna hiyo ya juujuu zina nafasi zaidi kwa sababu mayai yamebanana na uchafu wa chini haupo mbali. Samaki wadogo wa matumbawe wanaotaga juu ya mawe wamelitatua tatizo hilo kwa kumweka baba mlinzi: huyapepea mayai kwa mapezi, na linalooza hulila yeye mwenyewe. Si unyama, ni usafi.

Nikiwa hapo niongeze kitu kisicho na faida yoyote jikoni. Samaki naye si malaika. Huko Pasifiki ya Kaskazini kuna samaki wa jenasi ya Careproctus ambao jike wao hupenyeza mayai ndani ya chumba cha matamvua ya kaa mkubwa. Mayai yanapata hewa safi na ulinzi; kaa anapata matamvua yaliyozibwa na wakati mwingine kuharibika. Kwa hiyo Nasra akiandika insha ya vimelea na mayai ya samaki, awe na aya moja ambamo kimelea ni yai lenyewe.

Kuhusu kuadimika kwa chewa, sitawabebesha minyoo lawama hiyo. Chewa jike mkubwa hutaga mamia ya maelfu ya mayai, hata mamilioni, na karibu yote yangekufa hata kama Ichthyodinium asingekuwepo duniani: yanaliwa, yanapelekwa na mikondo mahali pasipo matumbawe, vifaranga vinakosa chakula siku mdomo unapofunguka. Samaki anayetaga hivyo amezoea hasara ya mayai. Asichokizoea ni kupotelewa na wazazi. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa, kwa hiyo ukiondoa wakubwa unaondoa madume kwanza. Tena wana mahali na msimu wa kukusanyika kutaga. Utafiti wa Msambweni umethibitisha mikusanyiko hiyo kwa chewa na kwa tafi, majira ya kaskazi, na wavuvi wa huko walijua maeneo hayo kabla ya mtafiti yeyote kufika na kalamu. Nyavu ikishushwa pale kwa usiku chache zinazofaa, inachukua wote waliokuja kuzaliana. Chewa wako mwenye mifuko iliyojaa alikuwa njiani kwenda kutaga au alivuliwa kwenye mkusanyiko kama huo. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo la kusikitikia kwenye sahani ile, kuliko uzi mwekundu.

Sokoni, basi, siku nyingine usiogope kuuliza. Mwombe muuzaji ampasue samaki mbele yako. Mayai yakiwa na minyoo, bei ipungue kwa uzito wa mayai, samaki achukuliwe. Anayekataa kupasua samaki aliyekwisha kulipiwa ana sababu yake. Matumbo yatolewe mapema, pale pale ukiweza, kwa sababu Anisakis waliopo tumboni wanaweza kuhamia kwenye nyama samaki akikaa na matumbo yake. Na muuzaji akikuambia ni mishipa, mwombe kijiti cha meno.

Mayai uliyoyaweka kwenye friza hayana hatari ya kuambukiza chochote hapa mjini, hata ukiyatupa kwenye pipa la taka. Lava hao wanahitaji maji ya bahari na kopepodi wake, na Mto Nairobi, pamoja na mengine yote uliyo nayo, hauna hivyo. Ila kabla hujatupa, mtolee Nasra minyoo wawili watatu. Mayai yayeyuke taratibu ndani ya friji, sehemu ya chini, usiku kucha, si kwenye maji ya moto, kwa sababu mnyoo aliyegandishwa hukatika akishikwa vibaya. Awainue kwa kijiti, awaweke kwenye kichupa chenye spiriti ya duka la dawa iliyo asilimia 70, na mmoja amkate kipande cha katikati akiweke kwenye kioo cha hadubini ya shule na tone la maji. Ukuzaji wa chini kabisa unatosha kuona watoto waliobanana ndani. Ndani ya kichupa atie kikaratasi chenye aina ya samaki, alikovuliwa kama muuzaji anajua, na tarehe. Aandike kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti.